Gunia la Nne Jikoni kwa Magokoro

Ekerenyo, jioni ya kuamkia safari yako

Kerubo mwanangu,

Bado hujarudi kutoka Nyamache kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua shangazi yako, hatakuachilia kabla hujala mara mbili. Nimeona nitumie nafasi hii kukuandikia. Barua nitaiweka juu ya mto wako, uisome yote kabla hujaigusa kompyuta.

Najua swali utakaloingia nalo mlangoni. Utauliza, hata viatu hujavua, kama faili la tatu la jiko la bibi yako Magokoro limefunguka. Limefunguka. Nimelifungua mwenyewe, wala sikukupigia simu. Lakini jibu lake nitakupa mwishoni. Nimefundisha watoto maisha yangu yote ya kazi, na ninajua mtu anavyoruka kurasa akishapata jibu, hasa mtu aliyerithi haraka ya baba yake.

Sitakuambia uvae nini wala ule nini huko Ujerumani. Hayo umeshaambiwa na kanisa zima Sabato iliyopita. Kila mmoja alikuwa na habari zake za baridi ya Ulaya, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuka Nairobi. Mimi nataka kukuambia mambo mengine, na ninayaandika kwa Kiswahili kwa sababu Ekegusii ni cha mdomo wangu, lakini nikishika kalamu mkono wenyewe unakwenda kwenye Kiswahili. Ualimu umeniharibu hivyo.

Jumapili ulikuwa umekaa uani juu ya kreti la soda, ukaniambia bila kunitazama, "Mama, kama picha itaonyesha moshi unamrudia Magokoro nikiwa sipo, siendi. Nitawaomba wanisubiri mwaka mwingine." Nilikujibu kwa ukali, nikakuambia uache ujinga. Haukuwa ukali, mwanangu, ilikuwa hofu. Niliogopa kwamba utabaki, na niliogopa vilevile kwamba utaenda. Mtu akiogopa pande mbili kwa mpigo hujikuta anafoka tu.

Nianzie Suneka, maana kosa langu lilianzia huko.

Huikumbuki vizuri ile nyumba yetu ya kwanza ya kupanga ya Suneka. Ilikuwa chumba kimoja na pazia katikati. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, baba yako alikuwa na cherehani yake kwenye kibaraza cha duka la jirani. Jioni tuliwasha jiko la makaa mlangoni, mvua ikija tunalivuta ndani kidogo, na sote watatu tunalizunguka. Baba yako alikaa upande wa mlango kwenye kigoda kile kifupi, magoti yakimfika kidevuni kwa urefu wake. Ugali alisonga yeye siku nilizokuwa na madaftari ya kusahihisha. Alikuwa anasonga vibaya, una mabonge, nasi tuliula huku tukimsifu. Redio ilikuwa juu ya kabati. Akisikia wimbo anaoupenda anasimamisha mwiko hewani mpaka uishe, na ugali unaungua. Sijawahi kukaa mahali pazuri kuliko pale, na wakati huo nilikuwa nalalamika kila siku kwamba chumba ni kidogo.

Huku nyumbani Ekerenyo mambo yalikuwa tofauti. Tulipokuja likizo, baba yako hakukanyaga mekoni kwa mama yake. Kwa watu wa umri wa Magokoro, kijana akishapashwa tohara ameondoka kwenye mafiga ya mama. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima ya kuoneana haya, na haikuwa na mjadala. Chakula chake kililetwa sebuleni. Baadaye alikuwa anakuja kukaa nje kwenye jiwe, ubavuni mwa jiko, mgongo ukiegemea ukuta, na mama yake yuko ndani anachochea moto. Walizungumza hivyo saa nzima, ukuta katikati yao, wakicheka. Nilizoea kuwapita na ndoo ya maji nikiwaona wote wawili, na wao hawaonani.

Alipofariki ulikuwa kidato cha pili. Tulimzika chini kule upande wa migomba, nami nikaomba uhamisho nije nikae na mama yake. Nilikuja na bidii ya mjane asiyejua aweke wapi mikono yake. Nililitazama jiko la Magokoro, nikaona nyasi za paa zimechoka, nikasema hapa lazima tujenge vizuri. Tukaezeka mabati. Ule upenyo kati ya ukuta na paa, ambao paka na baridi vilikuwa vinapitia, nikamwambia fundi auzibe wote kwa simenti, asiache hata pa kupitisha kidole. Siku ile tulipiga vigelegele. Magokoro mwenyewe aliita majirani waje waone. Hakuna aliyeuliza moshi utatokea wapi, kwa sababu ulikuwa umejitokea wenyewe miaka yote bila mtu kuupangia njia.

Kikohozi kilikuja polepole hata tukakizoea. Kliniki wakasema ni moshi. Tukanunua gesi, Magokoro akaifunika kitambaa akaiwekea picha yako ya kumaliza kidato cha nne juu. Alisema mboga ya chinsaga iliyopikwa kwa gesi haina ladha, kisha akarudi kwenye kiti chake kwenye kona ya mafiga.

Basi ukanipigia simu kutoka chuo. Nilikuwa nachuma chai, nikaweka kikapu chini. Ulisema mradi wako wa mwisho utakuwa jiko la Magokoro, kutafuta mahali pa kukata tundu la moshi. Wenzako walichagua mabawa ya ndege na mabomba ya viwandani, wewe ukachagua moshi wa bibi yako. Nilijisikia kulia pale katikati ya chai. Ukanituma nipime kuta, mlango na dirisha kwa utepe, halafu ukauliza, "Na jioni huwa mnakaa nani na nani, na kila mtu anakaa wapi?"

Nikakujibu upesi, bila kufikiri. Nikasema Magokoro yuko konani, mimi niko upande wa kuni, wewe ukiwa likizo uko karibu na dirisha, na baba upande wa mlango.

Wewe hukuniuliza kitu, ukaandika. Baadaye uliniambia ulidhani nilitaka iwe hivyo. Sikutaka chochote, Kerubo. Uliniuliza jioni tunakaaje, na moyo wangu ukaenda Suneka wenyewe, kwenye jioni pekee ninazozijua ambazo tumekaa tukatimia.

Ulipokuja na kompyuta yako ya mkono, ukaniketisha mezani kama mwanafunzi. Ulinieleza kwamba kompyuta kubwa ya chuo imeligawa jiko katika vipande vidogo mno, ikakokotoa kwa kila kipande hewa ina joto gani, inaelekea wapi, imebeba moshi kiasi gani. Kinachotoka ni namba tupu. Kazi ya ile programu uliyoipakua ni kuzigeuza namba ziwe jiko ninaloweza kulizungusha kwa kidole. Ukaniambia imetengenezwa kwa watu wasiojua kuandika programu. Nikakuuliza kama inawajua pia watu waliozoea chaki.

Nilikuudhi siku ile, najua. Nilifungua faili, hakuna kitu. Nikalifungua tena, hakuna kitu. Nikaendelea mpaka orodha ya pembeni ikajaa majina ya jiko moja, na kioo bado kitupu. Ulicheka ukashika meza. "Mama, umefungua lakini hujakubali. Bonyeza kile cha kijani." Nikabonyeza, na jiko likatokea, limefungwa pande zote kama boksi la viatu. Ukanionyesha namna ya kuzifanya kuta zipauke ziwe kama kioo, mtu aone ndani. Ukanifundisha kukata: unapitisha kisu bapa kwenye hewa ya jiko, unakishusha hadi kimo cha mtu aliyeketi, na unaona rangi za moshi pale tu, kama unavyoona ndani ya mkate. Halafu zile nyuzi, zinazoanzia kwenye mafiga na kufuata njia ya hewa mpaka inakoishia.

Na kile kijicho! Kila kitu kwenye orodha kina kijicho pembeni yake. Ukikifumba, kitu hakionekani. Nilikuuliza kimeenda wapi. "Hakijaenda popote, Mama. Kipo. Umekifumbia jicho tu."

Mara ya kwanza ulipoliwasha kwa rangi nilipiga kelele, maana jiko zima lilikuwa jekundu. Nilidhani Magokoro anaungua. Ukanishika mkono ukanionyesha ule mstari wa rangi na namba zake. Wekundu ule ulikuwa ni kiwango cha juu kwa picha ile tu, na chenyewe kilikuwa kidogo. Tangu hapo najizuia. Huko uendako utakutana na siku zitakazoonekana nyekundu zote, na mimi nimepitia nyingi za aina hiyo. Mwaka ule wa msiba sikuwa na mtu wa kunishika mkono nitazame namba kwanza, nikaamua mambo mengi kwa wekundu peke yake. Simenti ile ilikuwa mojawapo.

Sasa ile siku tuliyomwita Magokoro atazame. Nataka kuiandika kwa sababu wewe ulikuwa umeinamia kompyuta, hukuuona uso wake.

Kwanza alitaka kujua nani anafanya hesabu zote hizo. Ukamwambia ni kompyuta ya chuo, haichoki, inakwenda mchana na usiku.

"Na Sabato inapumzika?"

"Haipumziki, Magokoro."

"Yaya, hapana. Mwambieni isihesabu moshi yangu siku ya Sabato."

Ukaahidi, na ninajua ulitimiza, maana kazi ilichelewa na mwalimu wako akakuandikia kuuliza kwa nini. Halafu akakaribia kioo. Aliyaona mafiga yake, akafurahi. Akaona yale maumbo ya watu walioketi, ambayo kwa kweli yalikuwa kama magunia ya mahindi. Akayahesabu kwa kidole.

"Hii gunia ya huku ni mimi. Hii ni Mama Kerubo. Hii ni mtoto. Na hii ya mlango, ni ya nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekuambia kwenye simu. Ukajibu wewe, kwa sauti ndogo, "Ni Baba."

"Baba yako hajawahi kukaa hapo."

Nikasema mimi ndiye niliyekosea. Nikamwambia kwamba Suneka alikuwa anakaa hivyo kila jioni. Magokoro akanigeukia. "Suneka alikuwa anakaa mekoni?"

"Ee, mama. Hata ugali alisonga."

"Mokaya wangu? Alisonga ugali?"

"Ulikuwa na mabonge."

Alicheka, Kerubo. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, tukampa maji, akaendelea kucheka na machozi yakimtoka. Wewe ukasema basi ngoja nimfumbie jicho, ukapeleka kidole. Akakushika kiganja.

"Wacha," alisema. "Mwache akae."

Mama aliyemzungumzisha mwanawe kupitia ukutani maisha yake yote alikaa pale akimtazama yuko ndani, karibu na moto. Uso wake ulikuwa wa msichana. Nilimwonea wivu na nikampenda, vyote pamoja.

Picha ile ilisema tundu la moshi likatwe juu ya rafu ya kuni, na fundi alikuwa ameshaitwa. Ni wewe uliyemzuia. Ulikuja usiku chumbani kwangu umekunja uso kama baba yako alipopata kitambaa kilichokatwa vibaya. Ukasema gunia la mlangoni linaiziba hewa inayoingia na kuipindisha, na kwa kuwa mtu huyo hayupo, picha nzima imepinda. "Lazima nimtoe, Mama. Nirudie hesabu."

Nilikuambia utoe. Nilisema haraka ili nisiseme kitu kingine.

Hesabu mpya ikaja. Bila baba yako mlangoni, hewa ilipita moja kwa moja juu ya mafiga, ikausukuma moshi wote kwenye kona, kwenye kiti cha Magokoro, ukazunguka hapo hapo kwenye kimo cha pua yake bila pa kutokea. Kama tungefuata picha yangu, tungetoboa ukuta wa upande wa kuni na kumwacha mama yetu na moshi wake. Fundi alikata juu ya kona. Siku hiyo hiyo jioni Magokoro alisimulia hadithi nzima ya harusi yake bila kukatizwa na kifua, ingawa kikohozi chenyewe bado kipo na sitakudanganya.

Nimelifikiria kosa hilo kuliko makosa yangu mengi. Sioni haya kwa kumweka baba yako pale. Ila nimejifunza kwamba kuna picha ya kukaa nayo na kuna picha ya kukatia ukuta, na mimi nilikuwa nimezichanganya. Nilichanganya hivyo hivyo miaka yote niliyokuchagulia shule, marafiki, hata nywele: nilikuwa nampangia msichana wa Suneka mwenye mapengo mawili ya meno, na aliyekuwa mbele yangu alikuwa mwingine kabisa. Wewe ulinivumilia. Huko utakapokuwa na watu wako, kabla hujawapangia jambo, watazame kwanza wameketi wapi leo.

Sasa faili la tatu. Nilikutania kwamba hesabu ya nini, si utoke tu usimame kwenye migomba nikuambie moshi unakwendaje? Ukanijibu kwa subira kwamba jioni moja ya kiangazi haitoshi, kwamba mvua ikija upepo unageuka na mlango tunaurudishia nusu, na wakati huo utakuwa umeshaenda. Kwa hiyo ukaiuliza ile kompyuta swali zito: upepo wa masika, mlango nusu, tundu jipya, na wanawake wawili tu jikoni. Bila wewe.

Jibu lilifika leo mchana baada ya wewe kuondoka. Nilikaa mezani, nikavaa miwani. Nikafungua, nikakubali kwa kile kitufe cha kijani, nikapausha kuta. Nikasoma mstari wa rangi kabla ya kuzitazama rangi. Nikashusha kisu hadi kimo cha pua ya Magokoro, nikazungusha jiko upande huu na huu, nikaanzisha nyuzi kutoka kwenye mafiga. Magokoro alikuwa amesimama nyuma yangu akiniuliza kila mara kama nina hakika ninajua ninachofanya.

Moshi unapanda, Kerubo. Unapanda, unafika juu ya kona, unatoka kwenye tundu. Kwenye kiti chake hewa ni safi. Karibu na dirisha, pale unapokaa wewe, hakuna kizuizi tena na hewa inapita vizuri zaidi. Nimeukagua mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, kwa sababu sehemu moja ya moyo wangu ilitamani nikute kasoro.

Halafu nilifanya jambo ambalo hukunifundisha. Kwenye orodha magunia yote ya zamani bado yapo. Nikafungua kijicho cha gunia lako na kijicho cha gunia la baba yako, mkatokea juu ya picha mpya, wewe dirishani na yeye mlangoni, kila mtu mahali pake. Lakini hesabu haikuwajua. Nyuzi za hewa zilipita katikati yenu bila kusimama, kana kwamba hampo. Magokoro akaweka mkono begani kwangu. Tulikaa hivyo tukiwatazama mpaka betri ikaanza kulalamika.

Nikafumba kijicho chake. Kisha nikafumba chako. Sikufuta.

Anapumua vizuri hata usipokuwepo. Nenda, mwanangu.

Mama yako